Pikipiki Haiuzwi

Nyumba ya kona, nyuma ya ghala la mbao
Jumapili, 14 Julai

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi kutoka uani, ninapokuandikia nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua. Hujambo huko? Kile kifua bado kinakubana asubuhi? Vaa sweta, usione aibu. Sisi tu wazima. Mama kikohozi kimemwisha tangu Jumatano, anakula vizuri, na juzi aligombana na muuza mkaa mpaka akashinda, kwa hiyo ujue amepona.

Haya, salamu zimetosha. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Nimesikia mmeongea kwenye simu watu watatu, wewe, kaka mkubwa na dada yetu mwalimu, mkakata shauri pikipiki ya Baba iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Eti imezeeka, eti ina mkosi, eti mwanamke wa miaka hamsini na mbili atulie nyumbani. Jibu langu ni fupi: ng'o! Haiuzwi. Nitakueleza kwa nini, nawe usome mpaka mwisho, usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukiruka hesabu za shule.

Kazi yangu unaijua. Vyerehani havina miguu ya kuja kwangu, mimi ndiye ninayevifuata kwenye vibaraza vya mafundi, kwenye karakana za nguo, mpaka kule shule ya ufundi juu kilimani. Sanduku langu la sindano, mikanda na mafuta peke yake lina kilo kumi na tano. Mkiiuza pikipiki hamjauza chuma, mmeuza kazi yangu. Tena na magoti haya, jamani!

Kwanza nikiri langu, maana mimi si mtu wa kujificha. Ile betri ya lithiamu uliyonitumia niliipenda mno. Nyepesi, haina asidi ya kuvuja. Ile ya maji ilikuwa imeshanitoboa sketi tatu. Nikaifunga, na wiki ya kwanza pikipiki ikawa inawaka kwa mguso mmoja. Wiki ya pili, kimya. Kumbe betri ilikuwa imejizima yenyewe ili kujilinda, mimi nikadhani imekufa. Nikaichomoa, nikaiingiza ndani, nikaiunga kwenye chaja ya Baba, lile dude la chuma, tena kwenye kile kitufe chake cha kuamshia betri za maji zilizolala. Na niliiweka wapi? Juu ya kigoda, kwenye korido, mbele kabisa ya mlango wa Mama. Halafu nikaenda kuanika nguo.

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Betri imevimba, korido imejaa moshi, na Mama yuko upande wa pili wa moshi huo. Chumba chake unakijua, mlango mmoja, dirisha lina nondo. Nilizima umeme, nikakisukuma kigoda kwa mpini wa fagio mpaka nje, ndipo nikarudi kumchukua nikiwa nimejiziba pua kwa taulo mbichi. Nilimkuta anapapasa ukuta akiniita. Sikuombi ulisahau hilo, wala mimi sitalisahau. Kaka mkubwa alipofika akafoka saa nzima. Alikuwa na haki.

Lakini alipoigeukia pikipiki na kuipiga teke, nilimwambia hapo anamwonea asiyehusika.

Kesho yake nikaenda kwa fundi redio wa mtaani kwetu, yule tunayemwita Bwana Mita kwa sababu hatembei bila mita ya umeme mfukoni. Akaja na betri ya kuazima, akaifunga, akapima. Injini ikinguruma polepole, volti kumi na nne. Nikavuta mafuta. Kumi na tano, kumi na sita, namba zinapanda tu. Akanionyesha kwamba lithiamu kama ile yako, ukiipitisha volti kumi na nne na nusu hivi, unaitesa. Kisha akaniuliza swali nisilolitegemea: Baba alikuwa akiongeza maji kwenye betri kila baada ya muda gani?

Nikamjibu kwa fahari, kila Jumamosi! Si unakumbuka? Asubuhi, chupa ya maji ya betri, ile funeli nyekundu, na sisi wanne tumejipanga mstari. Aliyekuwa na adabu wiki nzima ndiye aliyepewa kumimina. Mimi na wewe tuligombea zamu ile mpaka ukaning'ata, alama ninayo hadi leo.

Bwana Mita akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha. Betri iliyo salama, akasema, haiombi maji kila wiki. Maji yetu yalikuwa yanachemka na kupotea, kwa sababu kidhibiti cha chaji, kile ambacho mafundi wanakiita regyuleta, kilikufa tangu enzi za Baba. Na ile taa aliyojisifia kwamba inashinda ya gari? Na zile balbu za akiba alizokuwa akitembea nazo kwenye mfuko wa shati, maana kila mara iliungua moja? Ugonjwa ule ule. Miaka yote hiyo tuliuficha kwa chupa ya maji, tukajiona watoto wema. Betri yako haina pa kumimina maji, ndiyo maana ikasema ukweli ndani ya wiki mbili.

Nililia, mdogo wangu. Halafu nikacheka mpaka Bwana Mita akaniogopa. Halafu nikaenda kutafuta regyuleta mpya.

Imefungwa Jumanne. Nyaya zilizochubuka nimezibadilisha kwa mikono yangu. Sasa nivute mafuta mpaka majirani watoke kunitukana, mita haivuki kumi na nne na nukta tatu. Na betri niliyonunua ni lithiamu tena, ndiyo, lithiamu, pamoja na chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ya Baba nimeikata waya nisije nikajisahau. Inachajiwa hapa uani, juu ya saruji, kivulini, mbali na mlango wa mtu yeyote, nami nimekaa hapa hapa kwenye ndoo naitazama. Ndiyo maana una barua ndefu leo. Nikirudi safari ikiwa ya moto, naiacha ipoe kwanza. Ikivimba au ikinuka, basi, hainitumikii tena. Ile iliyoharibika iko kwenye debe la mchanga mwisho wa ua, inangoja gari la taka za umeme. Kaka alitaka kuitupa jalalani, nikamkimbilia barabarani bila viatu.

Jana kaka alikuja na yule mnunuzi wa vyuma na mkokoteni. Sikupiga kelele. Nilimkabidhi mita aishike mwenyewe, nikapanda, nikapiga kiki, nikavuta mafuta. Akaitazama namba. Akaigonga mita kwa kidole akidhani imekwama. Nikavuta tena. Mnunuzi naye akaniuliza polepole kama naweza kumpimia ya kwake, kaka akamtolea macho hayo! Lakini kukubali, thubutu. Amesema uamuzi wa watoto umeshapita, watatu kwa mmoja, na kesho Jumatatu anakuja kuchukua kadi ya umiliki wa pikipiki.

Haya, msalimie mkeo na mapacha, na yule jirani yako mpishi anayekuletea mkate. Dada mwalimu nimemwandikia yake, fupi kuliko hii na kali zaidi. Mungu akutangulie kila utokako na kila uingiako, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mama naye anakusalimu. Nimemsomea barua hii yote, hata pale pa moshi. Akaingia chumbani, akarudi na kadi aliyoitoa chini ya godoro. Mdogo wangu, jina lililoandikwa pale ni lake. Baba aliiandikisha kwa jina la Mama tangu siku ya kwanza, na katika sisi wanne hakuna aliyewahi kuuliza. Ameniagiza nikuandikie hivi: mmeuza kitu changu na simu yangu ilikuwa mkononi, haikulia.

Kesho kaka akija hatamkuta. Nampeleka hospitali wakampime kifua, na ameapa hapandi chombo kingine. Kadi ameitia kwenye mkoba wake. Kofia ngumu aliivaa asubuhi ili kuijaribu, na mpaka sasa ninapotia sahihi hajaivua.

Dada yako akupendaye hata akikununia,
Fundi