Vidole vya Baba na Fidla ya Waayalandi

Jumanne, 10 Februari. Asubuhi upepo wa vumbi.

Bado nina hasira. Jioni televisheni ilionesha Waayalandi wakipiga muziki wao wa asili, mzee mmoja akiwa na fidla. Nikawaacha waendelee, kwa sababu Baba alikuwa akipiga fidla kwenye taarabu kule Unguja.

Mara nikaona vidole vyake vya kushoto, pale kitandani, vinabonyeza shuka, kimoja kimoja, vikiifuata ile fidla. Mkono huo ulikuwa haujatikisika tangu apate kiharusi!

Ndipo mdogo wangu Salim akaingia kutoka msikitini. "Dada, mgonjwa unamwekea muziki wa walevi?" Akabadilisha chaneli, akaweka mpira.

"Mtazame mkono wake, Salim!"

"Mkono gani? Umeanza kuota ukiwa macho."

Vidole vilikuwa vimeshatulia. Na kesho daktari ndiye anayeamua kama mazoezi ya mkono yaendelee au yasimame. Nimwambie nini, nami niliona peke yangu? Walevi! Harusi ngapi za watu wa heshima Baba...

Basi. Nimewatafuta wale Waayalandi, nimeipata video yao kwenye simu. Kesho watapiga mbele ya daktari, na atakayeishika simu ni Salim.

Nalala, saa sita na nusu.