Anataka Nimkanyage Mgongo Kabla ya Mchujo

Mpendwa mshauri wetu wa asubuhi, pole na kazi, mimi ni mama wa mtoto mmoja ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika kiti, na nimejipa moyo kukuandikia kwa sababu kipindi chako tunakisikiliza wote wawili, mimi nikifua na mume wangu akijifanya anatafuta soksi kumbe sikio liko kwako, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana peke yangu nimeshindwa.

Mume wangu anarusha mkuki. Anashindana katika timu ya kiwanda, na kiwanda ndicho kilichompa kazi ya ghalani na chumba tunachoishi, wenzake wanamwita Winchi kwa jinsi mkono wake ulivyo, na Jumamosi hii kuna mchujo wa kuchagua timu ya taifa, kitu ambacho amekisubiri tangu hata hajanioa. Tatizo ni mgongo, chini kabisa, pale mkanda wa suruali unapokaa. Ulianza kumuuma akitoka mazoezini, halafu ukawa unamuuma akiinama kufunga viatu, na sasa asubuhi anashuka kitandani kwa magoti kama mtoto wetu.

Sasa dawa yake ndiyo mimi. Analala kifudifudi sakafuni juu ya blanketi, mimi napanda mgongoni kwa miguu mitupu, nashika fremu ya mlango nisianguke, natafuta kwa kisigino pale panapouma mpaka mgongo unalia ka, naye anashusha pumzi anasema, "Umerudi, mama. Umerudi mahali pake." Mwanzoni tulikuwa tunacheka, ananiambia wewe mbona mwepesi hivyo, chakula cha humu ndani unampa nani, mbebe na mtoto uongeze uzito, na kweli nambeba mtoto nasimama naye, mtoto anachekelea akidhani ni mchezo. Nafuu ilikuwa inafika mpaka jioni. Siku hizi chai haijapoa maumivu yamerudi.

Nilimsumbua mpaka akakubali kwenda hospitali, wakampiga picha wakaona ufa kwenye mfupa wa mgongo, wakatupeleka kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Yule dada akambandika plasta ndefu kiunoni kwa nyuma, akamwambia ainame kutokea kwenye nyonga, mgongo ubaki umenyooka, plasta isivutike, basi. Mume wangu mwenye kifua kama kabati alishindwa. Akiinama plasta inavutika pale pale chini, anaambiwa rudia, inavutika, jasho likaanza kumtoka kama amebeba gunia. Dada akanigeukia, "Hebu mama, jaribu wewe aone," nikampa mume wangu mtoto, dada akanibandika na mimi, nikainama kama ninavyoinamia beseni la nguo, plasta yangu haikusogea. Dada akamwambia, "Umeona? Si nguvu. Mgongo wako haujakakamaa, umelegea mahali pamoja, na kila unapojipinda kurusha mzigo wote unaangukia hapo. Usiuvunjevunje. Weka mkuki chini kwanza, tuufundishe upya kutulia." Nilitaka kumwambia habari ya kumkanyaga, mume wangu akanikanyaga kidole, nikanyamaza.

Njiani akasema, "Basi kama mke wangu ana mgongo bora kuliko wangu, Jumamosi akarushe yeye." Nikacheka, yeye hakucheka. Kule hajarudi. Yale mazoezi aliyopewa, ya kupiga magoti na viganja chini halafu unajisogeza nyuma taratibu bila kiuno kubonyea, aliyafanya kidogo, rafiki yake wa timu akamkuta akamuuliza, "Winchi, umedondosha nini chini ya kitanda?" na huo ndio ukawa mwisho wake.

Juzi nikakataa kupanda. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, alibaki amelala pale chini shavu kwenye blanketi akasema, "Mama mtoto, hiyo miguu yako ndiyo inayotuweka ndani ya hiki chumba. Nipandie Jumamosi asubuhi tu, kwa nguvu zako zote, nikichaguliwa nitakwenda hospitali yoyote utakayo." Kocha wao naye alipita nyumbani, nikamdokeza kwamba mgongo si mzuri, akaniambia, "Shemeji, mgongo ni ugonjwa wa wazee. Wewe mpe moyo, mwili wake tuachie sisi." Habari ya picha hajui, mume wangu amenikataza.

Sasa naomba uniambie, nikimpandia namwumiza zaidi, na nisipompandia akashindwa nitamtazama vipi maisha yetu yote, na je, huo ufa ni mimi niliyeupasua kwa kisigino changu, maana hilo swali linanijia kila nikimnyonyesha mtoto. Mimi naamini atapona, bado kijana, na mtoto wetu amechukua mabega yake yale yale, nataka aje amwone baba yake akirusha.

Nimesahau kitu, sijui kama kinahusika. Mguu wake wa kushoto siku hizi unapoteza ndala bila yeye kujua, majuzi alifika bombani na ndala moja, watoto wa jirani wakamcheka, nyingine ilibaki mlangoni. Na tangu jana anakawia sana chooni, anasema mkojo hautaki kutoka, na akikaa kwenye kiti hakisikii vizuri, eti ni kama amekalia pamba. Nadhani ni woga wa mashindano.

Ni mimi msikilizaji wako,
Mama Mwepesi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mwepesi, barua yako nilikuwa naisoma nimekaa, mpaka ulipoandika kwamba umesahau kitu. Hapo nikasimama.

Umeniuliza habari ya Jumamosi. Hakuna Jumamosi. Mwanangu, hilo ulilolisahau ndilo barua yenyewe, hayo mengine yote ni utangulizi.

Nilimpigia simu daktari wa mifupa nikaanza kumsomea, nilipofika kwenye pamba akanikatiza. Alisema mgongo unaouma unaweza kusubiri miadi. Mgongo unaouma, mguu umelegea, mkojo umekawia, na mtu hasikii anapokalia, huo hausubiri hata chakula cha mchana, kwa sababu mishipa ya fahamu inabanwa, na ikibanwa muda mrefu hata upasuaji haurudishi vyote. Vyote maana yake ni kutembea, ni kuzuia haja, na ni yale ya chumbani. Nayataja redioni watu wakiwa wanakunywa chai kwa sababu aibu ndiyo iliyowafikisha hapo mlipo. Hukuandika namba ya simu wala mtaa, ndiyo maana nimeweka barua za wenzako kando na kusoma yako kwanza. Nimeomba hata muziki usipigwe.

Usimpandie tena, si leo wala siku yoyote. Mtoto mpe jirani. Ichukue ile picha ya mgongo. Tafuteni gari, asipande pikipiki, na muende hospitali kubwa, si kliniki. Mkifika mapokezi usiseme mgongo unamuuma, watawaweka kwenye benchi pamoja na wengine. Sema hivi: mkojo hautoki na amekufa ganzi anapokalia. Rudia mpaka mtu ainuke. Kocha utamwambia kila kitu, ufa na picha, lakini kwa simu, mkiwa mmeshafika. Hiyo kazi ya kumpa moyo umeifanya ya kutosha.

Umeuliza kama ni wewe uliyempasua. Ufa wa namna hiyo huwapata warushaji kwa kujipinda nyuma na kuzungusha kiuno mwaka baada ya mwaka, hukuuanzisha wewe. Ila sitakubembeleza kwa uongo. Ule mlio haukuwa mfupa unarudi mahali pake, na mgongo uliokuwa umelegea ukaupa uzito wa watu wawili, halafu ulipokuwa na mtaalamu mbele yako ukanyamaza kwa ajili ya kidole cha mguu. Leo ukiulizwa, sema yote. Mtaje na mtoto uliyekuwa umembeba. Nakugombeza kwa sababu unampenda, na mapenzi yako ndiyo yaliyokuwa yanapanda pale juu kila asubuhi. Huo mgongo ulitaka utulivu. Labda yule dada wa plasta atapata nafasi ya kuufundisha, labda hatapata. Sijui.

Na wewe baba mtoto, unayetafuta soksi. Ziache. Mkeo ameninyima hata mtaa wenu asikuaibishe, kwa hiyo usimnunie. Najua kilichokuuma siku ile ni kumwona anainama vizuri kuliko wewe mbele ya mtu. Angekuwa ameshindwa na yeye, leo ungekuwa bado unafanya mazoezi yako. Chumba cha kiwanda ni cha kiwanda, mtahangaika mkikikosa, lakini watu huhangaika wakiwa na miguu. Mkuki siwezi kukuahidi. Huo mguu wa kushoto pia siwezi kukuahidi, na ningekuwa naweza ningefanya hivyo, kwa ajili ya huyo mtoto mwenye mabega yako.

Inuka taratibu, mshike mkeo bega, tembeeni mpaka mlangoni. Ndala ikifika na mguu, nendeni hospitali. Ikibaki nyuma, msirudi kuichukua.