Nyoka wa Sinema ya Jumamosi

Baba Lugano, mume wangu,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike kwenu Tukuyu. Nimechoka. Siumwi, ni uchovu wa mtu anayepika chakula cha mtu mmoja. Leo mchana nimepita mbele ya lile banda la sinema hapa Mbeya, nikaona wamebandika picha ya mamba mkubwa kuliko basi, nikaona heri nikuandikie.

Ulizipenda sinema za wanyama wakali, na kadiri zilivyozidi uongo ndivyo ulivyozidi kuzipenda. Tulipooana tulikuwa tunakwenda kila Jumamosi mchana, tunakaa benchi la mbele. Mzungu alipigana na simba mpaka akamshinda, kofia bado iko kichwani. Sokwe aling'oa nyumba nzima. Mamba mmoja alipogeuka chali, ulininong'oneza kwamba umeona mshono tumboni mwake, nami nikacheka hadi mwenye banda akatukazia macho. Kiingereza hatukukijua, kwa hiyo ulinitungia maneno yao yote kwa Kinyakyusa, na sokwe ukamfanya aongee kama mjomba wako.

Kisha ukapata kazi ya kuchimba dhahabu Makongolosi. Mimi sikutaka twende. Nilisema kule ni kukavu, kuna nyoka, na mtoto bado mdogo. Ukasema familia haikai mbalimbali, tukaenda wote watatu. Lugano wetu alikuwa na miaka minne alipoumwa na nyoka nyuma ya nyumba, akiokota vijiti vya kuchezea. Lori la kutupeleka hospitali Chunya lilipofika, alikuwa ameshakata roho mapajani mwangu. Ulipofika mbio kutoka shimoni nilikuambia neno moja tu: "Wewe ndiye uliyemleta hapa."

Tukarudi Mbeya, nawe ukaanza kwenda sinema peke yako. Majirani wakisema picha ya wiki hii ni ya nyoka, nawe ukaenda vilevile, niliona huna moyo. Nilivumilia miezi mingi, mwisho nikakuuliza unawezaje. Ulikuwa unavua viatu. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Mama Lugano, kule nyoka anakufa mwishoni. Nakwenda kumwona anakufa."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote. Nyoka mwenyewe alikuwa mnene kama pipa la petroli, anameza ng'ombe pamoja na pembe zake, na ilionekana wazi kwamba anavutwa kwa kamba. Zamani tungecheka. Watu walipomzingira kwa mapanga, picha ikakatika. Mwenye banda akatangaza kwamba utepe umeungua, basi watu waende nyumbani. Wakatoka wakinung'unika. Wewe ulibaki umekaa, mikono magotini, unatazama kitambaa cheupe kisicho na kitu. Hapo ndipo nilipokuona unalia, mara ya kwanza tangu Makongolosi.

Nikakushika mkono tukatoka. Njiani nikakusimulia mwisho ambao hata mimi sikuuona. Nilisema walimkata vipande vipande, wakamchoma moto, majivu wakayamwaga mtoni, na mtoto waliyemficha darini akashuka salama.

Ukaniuliza, "Na baba yake alikuwa wapi?"

Nikasema, "Alikuwa kazini. Asingeweza kujua."

Ulitembea kimya hadi nyumbani, nami sikuongeza kitu. Baadaye kifua kikakushika, nikakuuguza, na katika miezi yote ile ya uji na dawa sikupata nguvu ya kulirudia jambo hilo. Nilijiambia kwamba ulielewa nilichokuwa nasema njiani. Siku hizi, nikiwa nimekaa peke yangu na viungo vinaniuma, sina hakika. Pengine ulidhani ni hadithi ya sinema tu.

Kwa hiyo nakuandikia wazi. Lile neno nililokuambia Makongolosi halikuwa la haki, nami nilijua hivyo tangu siku ile ile. Hukumpeleka mtoto kufa. Ulitupeleka ili tukae pamoja.

Lala salama, mume wangu. Mimi bado nipo nipo.

Mkeo,
Mama Lugano