Kambale wa Beni

Butembo, Alhamisi jioni

Kambale wa Beni bado kimya. Tangu tusikie habari za mashambulizi ya kule, ujumbe wangu haujamfikia.

Mimi ndiye chef, yaani kiongozi, wa promosheni yetu, darasa letu la masomo ya mtandaoni, na mwanzoni niliwaahidi wenzangu tutakuwa ndugu. Leo nimeandika kwenye grupu: "Kambale, uko?" Watatu wakajibu: "Niko." Kwetu kila mtoto wa kiume wa pili ni Kambale. Yeye hakuwemo.

Nikampigia Masika, tunayesoma naye, anakaa Kimemi, hapa hapa Butembo.

"Beni ni kubwa, chef. Tutamuulizia kwa nani? Hata sura yake hatuyue."

"Lakini ni yeye alikuwa anatusomea masomo kwa audio, tukikosa mega za kufungua video."

"Mais lakini hapana mutu alimuuliza anaishi wapi. Hata weye."

Kweli. Hata mimi.

Nimesikiliza tena audio yake ya mwisho, nikitafuta jina lake lingine, la mtaa, la kanisa, chochote. Anasoma taratibu, kisha mama mmoja anaita kutoka uani: "Kambale!" Anajibu, "Nakuya, mama," na sauti inakatika.

Hata kwao wanamwita hivyo hivyo.