Majoka ya Baba kwenye Diski

Nyuma ya Hekalu,
Lukang, Taiwani.
19 Aprili 2008

Mpendwa dada Siok-hun,

Shikamoo dada. Hali yako huko Paragwai? Shemeji Bun-hiong mgongo umetulia? Na Ka-ling meno ya mbele yameshaota? Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe wa kuburuza miguu. Mama goti, Baba macho, mimi kila kitu.

Nakuandikia maana kwenye simu hatusikilizani. Kila ukipiga unagomba, "Mwambieni Baba azime hilo dude!" na Baba haizimi cherehani yake ya kudarizi, si unamjua. Sikukuu ya mungu wetu Mama Mazu imekaribia na hekalu limeagiza pazia jipya la madhabahu.

Mkosi ulianzia hapo. Watu wa hekalu siku hizi wanaleta michoro kwa faili za kisasa, na kompyuta ya Baba ni ya enzi zile, ikiziona inaduwaa. Kuitupa haiwezekani. Majoka yote ya kudarizi aliyochora Baba tangu hujaolewa yamo mle, na programu yake haikubali mfumo mwingine wowote. Baba akafika mahali pa kusema kazi apewe mtu mwingine, yeye afunge duka. Na mimi kwa kiherehere changu nikamwambia, "Baba, tulia. Tutaweka mfumo mpya ukae na wa zamani humo humo."

Mzee Khou wa duka la ubani akadakia, "Kompyuta moja wake wawili? Watang'oana nywele hao!"

"Mimi mmoja tu kanishinda," Baba akajibu.

Mama alikuwa mlangoni. Usiku huo tulikula wali mkavu.

Sasa dada, kuchoma diski ya kuwashia kompyuta si kama kuchoma diski ya nyimbo. Ya kwanza nililitia lile faili la mfumo mpya lilivyo, kompyuta ikaipita kama mdaiwa aliyemwona mdai wake. Kumbe lazima lifunguliwe lote wakati wa kuchoma. Nikarudia. Ikafia katikati. Nyingine ikafia karibu na mwisho, na hiyo ndiyo inayouma. Mama akasema ni ile pakiti ya kijani ya bisi tunayoweka juu ya kompyuta ili iwe na adabu, eti imepitwa na tarehe. Akanunua mpya. Diski zikaharibika vilevile. Nimezitundika kwenye mipera zifukuze ndege, ndege wanakuja kujitazama sura.

Nilichoka, dada. Mchana nauza makasha ya simu, jioni napigana na diski. Kila diski ikifa Baba anageuka tu kunitazama. Bora angenitukana.

Siku ya kufagia makaburi, Baba huwa hagusi sindano. Nikaacha diski inajichoma, tukaenda kaburini kwa babu. Kurudi, imekubali! Mama akasema ni babu huyo. Mimi nikaitazama cherehani imenyamaza, nikaitazama meza yangu ubavuni mwake, nikajipiga kofi la paji la uso. Ni mtetemo! Siku zote sindano zikipiga, na diski yangu inacheza ngoma.

Lakini nilitaka diski nyingine ya kuhifadhi majoka, kabla sijaigawa kompyuta vyumba viwili. Nikikosea hapo yanafutika yote. Nikamwomba Baba azime cherehani.

"Na pazia litaisha lini, we mtoto?"

"Na majoka yakiisha je, Baba?"

Akazima. Akakaa kwenye kistuli, mkasi mdogo mkononi, akasinzia hapo hapo, kidevu kifuani. Mchana kweupe, dada! Amekwisha, shingo imekuwa kama ya kuku. Diski ikamaliza. Sikumwamsha, nikachoma ya pili.

Mifumo yote miwili imekaa, majoka yamepona, na faili za hekalu zinafunguka. Kompyuta ikiwaka inauliza anautaka upi, na Mzee Khou anachungulia, "Leo zamu ya nani?"

Ile diski ya pili ya majoka ndiyo hiyo humu ndani ya bahasha. Baba mwenyewe kasema upewe wewe, mimi napoteza hata viatu nilivyovaa.

Tuma salamu kwa shemeji, mbusu Ka-ling. Shangazi Kim-tsi anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mama Mazu akulinde, wewe na nyumba yako.

Jambo moja la mwisho. Ukipiga simu baada ya chakula chetu cha mchana usiposikia lile dude, usishtuke, hakuna msiba. Baba kalala kwenye kistuli. Nimemwambia bado nachoma diski za kuhifadhi majoka, kila siku moja zaidi, na anaamini. Tafadhali usimwambie kazi ya kuchoma ilishaisha.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata nikichoka hivi,
Tiong-gi