Mkono wa Kushoto wa Mama

6 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na brashi zako. Sisi hatujambo, mama anakusalimu sana.

Mjomba, nakuandikia kwa sababu kusema siwezi. Hata kwenye simu ulimi unanata, unanijua. Nataka kwenda kwenye kambi ya kuchora ya likizo hapo mjini kwenu, ile ya wanafunzi wa sekondari. Wanachukua ishirini tu, kwa mchoro mmoja wa penseli. Shuleni sanaa ni kipindi kimoja kwa wiki, tena kwa maneno ya kitabuni tu. Majina ya kila aina ya kivuli nayajua, ila kukichora kivuli chenyewe sijui. Mwalimu anasema, "Fungueni ukurasa wa arobaini." Basi, tunafungua. Kwenye ukoo mchoraji ni wewe peke yako. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Kimya (bado wananiita hivyo)


14 Januari

Kimya, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta juu ya ngazi, nimefika nusu ya bango la duka la viatu. Mimi sijambo, mgongo tu unalalamika. Dada yangu yuko salama? Mwambie kazi za watu zimenibana, nitakuja tu. Huu mwaka wa sita nasema hivyo, najua atacheka.

Sasa sikiliza. Chukua kitu kimoja cha hapo nyumbani, ukichore siku thelathini, kila siku karatasi mpya, tarehe kwenye kona. Ufutio mpe jirani. Na usichore unachokijua, chora unachokiona. Kila mtu anajua birika lina mdomo. Wewe tazama mdomo wa birika lenu umekaaje. Ukimaliza nitumie karatasi iliyo bora, nitaipeleka kambini mwenyewe.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wote salama.

Nilianza na birika, siku ya nne likanichosha. Nikahamia kwenye mkono wa mama, ule wa kushoto. Unajua mwenyewe kwa nini anauficha kwenye mfuko wa aproni wageni wakija. Mwanzoni nilikuwa nauchora kwa kuiba, akiwa anamenya viazi. Siku moja akanikamata. "Unachora nini wewe?" Nikatamani ardhi inimeze. Akatazama karatasi, akatazama mkono. Akaufuta kwa taulo, akauweka mezani karibu na dirisha.

"Haya," akasema. "Lakini ukiuchora, uchore ulivyo. Usinionee huruma."

Nikamwapia. Nikaanza kuhesabu upya, siku ya kwanza. Tangu hapo kila akitoka kazini ananikalia nusu saa, na tunaongea mambo ambayo hatujawahi kuongea. Hii hapa ni karatasi ya siku ya thelathini. Mjomba, sijawahi kutengeneza kitu nikakipenda hivi.

Mpwa wako,
Kimya


21 Machi

Mpwa wangu,

Hamjambo nyote? Nimeipokea, na nimeshaipeleka. We mtoto unaweza! Kile kivuli cha kwenye kifundo kimenifanya nikae chini. Nimegusa mahali pamoja tu palipokuwa pamekosewa, dakika kumi, ni kosa la wote wanaoanza. Hata wewe hutapaona. Anza kupanga sanduku la safari.

Mjomba wako


29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hapa hatuko salama.

Barua ya kambi imekuja. Nimechaguliwa. Ndani kulikuwa na kijitabu chenye michoro ishirini. Mama alipita nyumbani mchana, mimi nikiwa shuleni, akakikuta, akaliona jina langu kwenye jalada, na bila hata kukifunua akakimbia nacho kurudi kiwandani kwao, pale wanapochapa vitabu, akawaonyeshe wenzake. Mwenzake wa mashine ya gundi ndiye aliyekifunua. "Shoga, hongera! Mwanao amekuotesha kidole!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mjomba, mama hana kidole cha pete mkono wa kushoto. Mashine ya kukatia karatasi ilikichukua miaka mitatu iliyopita. Nilidhani unajua. Kumbe ukaona mwanafunzi amesahau kidole, ukamchorea.

Mama alirudi, akakiweka kijitabu mezani. "Kumbe hata wewe unanionea aibu." Nikakifunua, nikakiona kidole hicho. Sasa mkono umerudi mfukoni, hata tukiwa wawili tu. Siku thelathini zile, mjomba!

Nakuomba umwandikie, umwambie ni wewe. Nikisema mimi ataona natafuta pa kujifichia.

Mpwa wako


10 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Nimekaa na barua yako siku nyingi. Pole. Lakini na mimi niulize: mbona hakuna aliyeniambia? Dada yangu anapoteza kidole, mimi niwe wa mwisho kujua? Mmenitenga.

Hata hivyo, tufikiri kama watu wazima. Nikimwandikia atajua kwamba miaka yote hii mimi sijui hata mkono wake ulivyo. Atazidi kuumia. Wewe ni mtoto wake, hasira zake kwako hazimalizi mwezi. Mwambie ulitaka apendeze. Nafasi unayo, usiichezee. Na barua hii ichane.

Mjomba wako akupendaye


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri.

Barua yako sikuichana. Nilimpa mama. Nilisimama mlangoni. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya zamani. Kumbe alikuandikia siku ileile aliyotoka hospitali, kwamba mashine imemwumiza mkono. Jibu lako analo: "Pole sana dada, utapona tu. Lile koti langu la mvua bado lipo? Nitumie." Hukuuliza hata mkono gani.

Nimewaandikia wa kambi kwamba ule mchoro si wangu wote. Wamejibu kwa heshima. Nafasi amepewa wa ishirini na moja. Nililia, sikufichi. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kuchora ninachokiona nilifundishwa na wewe, na nilikuamini neno kwa neno.

Mama hajasema neno baya juu yako. Leo, nilipokaa kukuandikia, aliutoa mkono mfukoni, akaulaza kwenye karatasi hii upande wa nyuma. "Zungushia," akasema. Nimezungushia. Geuza uuone, ukubwa wake ndio huohuo. Anasema ni wako, kaa nao.

Mimi nakuomba kitu kimoja tu. Usiuguse.

Mtoto wa dada yako