Meno ya Mama Mkwe Kinywani mwa Zimwi

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie na ukiweza unisaidie haraka, maana mke wangu amenipa hadi mwisho wa mwezi na leo ni tarehe kumi na tisa. Mimi ni fundi wa meno ya bandia, si daktari, daktari ndiye anayeng'oa, mimi nakaa chumba cha nyuma na plasta na nta, naletewa vinywa vya watu vikiwa vya plasta navipangia meno, kazi naipenda lakini ina adabu nyingi mno, jino lazima likae mstari, lazima lifanane na jirani yake, na mtu aliyepanga meno kwa adabu tangu saa mbili asubuhi, ikifika saa ya chakula cha mchana anatamani kupanga meno mia na arobaini kwa safu tatu, ndiyo maana nachora mazimwi.

Nachora tangu utotoni, nina madaftari kumi na moja, kuna zimwi la miguu sita linaloogopa kuku, kuna linaloishi ndani ya tangi la maji na kuwatukana wanaokuja kuchota, kuna jitu lenye masikio makubwa kama majani ya kabichi ambalo halisikii kitu, na mke wangu hajawahi kunikataza hata siku moja, yeye ndiye huyapa majina, anatazama anasema, "Huyu sura yake ni ya mtu anayeazima vitu harudishi," basi tunacheka hadi watoto wanatushangaa. Wanaojua kuchora wananiambia macho ninayochora ni mabovu na mikono ndiyo usiseme, lakini meno, Shangazi, meno yanatisha kwa sababu ni ya kweli, siwezi kuchora jino la kubuni, kila jino nililochora nimeshalishika.

Sasa sikia. Mwaka jana mama mkwe wangu alikuja kazini kwa mlango wa nyuma, amejifunga mtandio hadi puani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe si mtu wa maneno mengi, ndiyo maana nimekuja kwako. Ya juu yameniisha. Baba yako hajui, binti yangu hajui, na wasijue." Nikaapa. Nikamtengenezea meno ya juu (idadi nimeifuta mimi – Shangazi), nikamwachia na mwanya wake aliozaliwa nao, na ndani, upande wa kaakaa, ambako hakuna anayeona isipokuwa yeye mwenyewe anapoyaosha, nikaweka kiwaya kidogo upande mmoja na nukta tatu za kumwonyesha mbele ni wapi, maana bila miwani alikuwa akihangaika. Sijisifu, Shangazi, lakini ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na kazi bora usiyoweza kumwonyesha mtu inawasha mkono.

Mkono ukaniwasha hadi nikachora. Zimwi la kike, maana meno yale ni ya kike, yasingekaa kwa dume, limeketi kitandani limechoka baada ya siku nzima ya kutisha watu, limevua meno limeyashika kiganjani, upande wa ndani juu, kiwaya kinaonekana, nukta tatu zinaonekana. Nilikusudia kulificha, lakini mke wangu alilikuta akalipenda kuliko yote, akaliita Bibi Tafuna, na siku yangu ya kuzaliwa, ili kunifurahisha, akalipeleka kuwekewa fremu na kioo, jina likaandikwa chini kwa herufi za dhahabu, akalitundika sebuleni mkabala na kochi, akamwalika mama yake chakula cha mchana.

Mama akakaa kwenye kochi. Alikuwa ameinua kikombe cha chai, nikaona macho yake yanakwenda kwenye kiganja cha zimwi, yanakaa hapo, yanashuka kusoma jina, yanarudi kwenye kiganja. Mke wangu akasema kwa furaha, "Mama, umeliona? Jina nimelitoa mimi!" Mama akaweka kikombe chini, akaomba mkoba wake, akasema tumbo linamsumbua, akaondoka bila kugusa chakula.

Ni wiki ya saba sasa hajakanyaga kwetu. Mwanawe akimpigia simu kuuliza kulikoni anajibu, "Mnajua wenyewe," anakata. Mke wangu akanigeukia mimi, nikamwambia najua sababu lakini siwezi kusema, akaniuliza, "Yaani kuna kitu kati yako na mama yangu ambacho mimi siambiwi?" nikajibu ndiyo lakini si unavyofikiri, na hapo ndipo alipoanza kufikiri. Amehamia chumba cha watoto. Amesema nisipofungua mdomo hadi mwisho wa mwezi anaondoka na watoto, na huwa hasemi mara mbili.

Nimejaribu kurekebisha, usidhani nimekaa tu. Nilichora zimwi limepiga magoti linaomba radhi, na ili nisirudie kosa nikalichora kibogoyo, ufizi mtupu, nikampelekea mama ndani ya bahasha. Bahasha ilirudi siku hiyo hiyo, zimwi likiwa vipande vinane.

Je, nivunje kiapo nimwambie mke wangu, au ninyamaze ndoa ivunjike? Na kuchora niache? Nampenda mke wangu, Shangazi, nyumba haina kicheko, juzi nimechora zimwi jipya na hakuna wa kulipa jina.

Ni mimi, Fundi wa Chumba cha Nyuma.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi mhariri akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilikasirika, na tuanzie hapo.

Mtu mzima, mwenye mke na watoto, unachukua siri ya mama mkwe wako, unaikalisha kitandani, unaiotesha makucha, halafu unaniambia ulikusudia kuificha. Kitu cha kuficha hakichorwi! Na wewe uliyeapa kufunga mdomo umeniandikia mimi, mtu wa gazeti, idadi ya meno, jina la mtaa, hadi rangi ya geti la kliniki ambayo hakuna aliyekuuliza. Yote hayo nimeyapitishia wino mweusi kabla barua haijafika meza nyingine, na haitachapwa mpaka mwenye meno aseme ichapwe. Tena yule kibogoyo! Mwanamke ameumia kwa sababu umechora meno yake, wewe unamtumia ufizi. Mwanangu, hata kuomba radhi kuna kufikiri kwanza.

Haya, hasira zimekwisha. Nakuonea huruma pia, maana ulitoa neno lako ukalishika hata mkeo alipobeba mto wake kuhama chumba. Wengi wangeropoka siku ile ile, kabla chai ya mama haijapoa.

Lakini mama mkwe wako hujamwelewa hata kidogo. Unadhani amekasirikia picha. Picha ni karatasi. Hebu kaa kwenye kochi lile uone alichokiona yeye: meno yake ukutani, jina la kejeli chini yake, na binti yake wa kumzaa anasema kwa furaha kwamba jina amelitoa yeye. Wewe unajua mkeo hakuwa na habari. Mama hajui! Ndiyo maana anawaambia, "Mnajua wenyewe." Wiki saba anaamini kwamba ulikwenda ukamwambia mkeo, mkakaa mezani mkamcheka, kisha mkamwita aje ajionee. Hicho ndicho kinachomuuma, na dawa yake unayo wewe peke yako, nawe umekaa nayo mfukoni unapeleka michoro.

Kwa hiyo nisikilize. Mkeo usimwambie siri, si yako. Mwambie hivi, mkiwa mmekaa, si mlangoni: "Nimemkosea mama. Kosa ni la kuchora, si la aibu unayoifikiria wewe. Naenda kumwomba radhi, na yeye akipenda atakwambia mwenyewe." Usiongeze hata neno moja, nakujua sasa, utaanza kueleza rangi ya geti.

Kisha nenda kwa mama. Nenda baba mkwe akiwa hayupo. Usibebe daftari, usibebe penseli, usibebe zawadi. Mwambie meno uliyachora wewe kwa kiburi cha fundi, kwamba kazi ile ilikupendeza ukashindwa kujizuia. Mwambie binti yake hajui lolote hadi leo, na kwamba hajui hata baada ya kuhama chumba, kwa sababu ulikataa kusema. Hilo la mwisho mwambie taratibu, alisikie vizuri. Akikutukana, pokea. Picha mwachie yeye aamue, ishuke au ibaki. Utasema unaogopa, wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na huyu anakujua, ndiyo maana alikuja kwako na si kwa mwingine.

Kuchora usiache, utaanza kupanga meno ya wagonjwa kwa safu tatu. Ila kuanzia leo ukihitaji kinywa, simama mbele ya kioo uchore cha kwako.

Nenda Jumamosi hii, usingoje tarehe thelathini.

NENO KWA WASOMAJI

Jibu hili lilikwenda kwa posta, kwa fundi peke yake. Kama mnalisoma leo ni kwa sababu Jumatatu simu ya ofisini iliita, na sauti ya mama mmoja ikauliza kama mimi ndiye Shangazi. Nikasema ndiye. "Mimi ndiye mwenye meno," akasema. Fundi alifika Jumamosi, mikono mitupu, akasema yote huku amelikodolea macho zulia. Mama alimsikiliza, akaenda naye hadi nyumbani kwao, akamwita binti yake jikoni akamwambia mwenyewe. Binti alilia, akamkumbatia mama yake, na jioni ile mto ukarudi chumbani kwake. Baba mkwe naye, alipoambiwa, alisema anajua tangu mwaka jana, alikuwa anaogopa kuuliza.

Nikamwuliza mama kama naweza kuichapa barua.

"Chapa," akasema. "Lakini andika, tena kwa herufi zinazosomeka, kwamba ya chini yote ni yangu mwenyewe."